Nili: Tusiuze Majani

Siku moja, katika matatu iliyokuwa ikitoka Likoni kwenda Msambweni, kijana mmoja alimcheka bibi kizee aliyeingia pale Tiwi. Bibi yule alikuwa amejifunga kaniki kuukuu, na kijana, aliyekuwa pamoja na wenzake watatu wa shule, alitaka kuwachekesha. Akamwuliza, "Nyanya, leo pepo wanapungwa wapi?" Bibi hakukasirika. Alimtazama kijana toka kiunoni hata nyayoni, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi nawe tumevaa rangi moja. Yako imepauka magotini tu." Gari zima likacheka, na safari hii hawakumcheka bibi.

Nilikuwa kiti cha nyuma, nikacheka pamoja na wengine. Lakini nataka nikuambie, msomaji, kwamba bibi yule alisema kweli kuliko alivyodhani mwenyewe. Suruali ya jinzi aliyoivaa kijana hutiwa rangi ya nili. Kaniki ya zamani nayo ilitiwa rangi ya nili. Nili ya jinzi hutengenezwa viwandani kwa kemikali, na nili ya kaniki ilitoka katika majani ya mti mdogo uitwao mnili. Lakini mwanakemia akizipima zote mbili ataona kwamba zinazotia buluu ni kitu kimoja. Kijana alikuwa akiicheka rangi ambayo baba yake aliinunua kwa fedha.

Kicheko kile ndicho kilichonishikisha kalamu. Siku hizi, katika nchi nyingi, wako watu wanaotaka rangi za mimea zirudi katika nguo, na sisi wa Pwani ya Kusini tunayo ardhi, tunayo jua, tunayo mikono. Mimi ni mmoja wa wale wanaotaka mnili upandwe Kwale. Lakini nataka upandwe kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo nitakalolipigania katika kurasa hizi: wale wanaoupanda mnili ndio wawe wenye pipa la rangi. Pasipo sharti hilo, heri shamba lipandwe muhogo.

Kwanza tuiondoe aibu, maana mtu mwenye aibu hauzi ila kwa bei ya kutupa. Vijana wengi hudhani kwamba nguo ya buluu ililetwa kwetu na wageni, na kwamba babu zetu walikaa wakisubiri jahazi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za mwambao huu mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jambo la ajabu juu ya wafumaji wa Sofala. Walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na rangi. Basi walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma uzi ule pamoja na uzi wao mweupe, na nguo walizopata ziliwaletea dhahabu. Tafakari kazi hiyo! Kuifumua nguo nzima, si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu unaitaka rangi yake. Na kaskazini ya Sofala, katika visiwa vya Kirimba, Wareno waliwakuta watu ambao hawakuhitaji kufumua nguo ya mtu. Walikuwa na nili yao wenyewe, wakatia rangi nguo zilizosifiwa sana katika biashara ya pwani ile.

Kaniki ina historia yake pia, na sehemu ya historia hiyo ni chungu. Richard Burton aliposafiri kutoka pwani kwenda kwenye maziwa makuu, kati ya mwaka 1857 na 1859, kaniki ilikuwa mojawapo ya nguo zilizopokelewa njiani badala ya fedha, pamoja na ile ya kitambaa kigumu kisicho na rangi ambayo mpaka leo twaiita marekani kwa sababu ilitoka Marekani. Marekani ikichovywa katika nili huwa kaniki. Unguja na katika mwambao wote watumwa na maskini ndio waliovaa nguo hizo, na utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliitupa kaniki wakajitanda leso za rangi, wapate kuonekana, na kujiona wenyewe, kuwa ni watu huru. Siwalaumu hata kidogo. Nani asingeitupa? Lakini wao walijua walichokitupa na kwa nini walikitupa. Sisi tumerithi aibu bila kurithi habari yake, na hiyo ni aibu isiyo na mwenyewe.

Tena nguo hiyo hiyo haikuwa ya unyonge kila mahali. Karibu na Diani uko msitu wa Kaya Kinondo, mmoja katika makaya ya Mijikenda yaliyoandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni hata awe tajiri namna gani haingii katika msitu ule mpaka ajifunge kaniki kiunoni. Nimewaona watu walioshuka katika hoteli kubwa kubwa wakisimama mbele ya mzee wa kaya, wametulia kama watoto, wakifungwa nguo ambayo kijana wa matatu aliicheka.

Haya, tuuendee mti wenyewe.

Mnili ni wa jamii ya kunde. Hukua kufikia kifua cha mtu au kupita kidogo, una vijani vidogo vidogo vilivyopangana pande mbili za kikonyo, na maua mekundu ya kufifia. Mizizi yake, kama ya kunde na pojo, hukaribisha vijidudu viitwaavyo naitrojeni ya hewani na kuiweka ardhini, kwa hiyo shamba lililopumzishwa kwa mnili hurudi kwenye mahindi likiwa na nguvu. Ndugu zake mnili ni mamia, na wengi wao ni wenyeji wa Afrika, ingawa si kila mmoja ana nili ya kufaa. Aina moja ya Afrika, ambayo wataalamu huiita Indigofera arrecta, ilichukuliwa kutoka Natal ikapelekwa Java katikati ya karne ya 19, kisha ikafika India, na kwa kuwa majani yake yana nili nyingi, wenye mashamba huko waliipenda kuliko ile waliyokuwa nayo. Watu walitajirika kwa mti wa Afrika, mbali na Afrika. Hilo si jambo geni katika masikio yako, nami sitalirefusha.

Ukichuma jani la mnili ukalisugua katika kitambaa, utapata doa la kijani kama la jani lingine lolote. Buluu haimo humo bado. Kilichomo ni kitu kisicho na rangi, ambacho hakina budi kutolewa kwa maji na kugeuzwa kwa hewa. Ndiyo maana kazi ya nili haifanani na kazi ya mnazi wala ya mkorosho. Matawi hukatwa asubuhi, mti unapokaribia kutoa maua, na siku ile ile hulazwa katika birika la maji na kugandamizwa kwa mawe yasielee. Yakikaa usiku kucha katika joto la pwani, maji huchacha, yakawa na rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, na harufu yake si ya kumkaribishia mgeni. Majani yakiisha kutolewa, maji hupigwa. Watu husimama kandokando ya birika wakiyapiga kwa mbao, au huyachota kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, saa moja au mbili, ili hewa iingie. Povu hupanda likiwa jeupe, likageuka buluu, halafu likaanza kushuka. Hapo ndipo mikono hupumzika. Buluu hutua chini kama mashapo. Maji ya juu humwagwa, mashapo huchujwa katika kitambaa na kuanikwa, yakawa kipande kikavu kama udongo. Na kipande chenyewe ni kidogo: kilo 100 za majani mabichi huenda zisitoe hata kilo moja ya nili.

Sasa niambie, ni nani awezaye kazi hiyo peke yake? Nazi hungoja mtini. Muhogo hungoja ardhini. Mahindi yakikauka hungoja katika dari. Jani la mnili halingoji mtu. Likilala katika gunia siku mbili huoza, na nili imekwenda. Mwenye robo ekari hawezi kukata, kuchota maji, kulaza, kupiga na kuchuja pamoja na watoto wake wawili. Lazima jirani aje, na jirani akija leo, kesho kutwa utakwenda kwake. Familia sita zenye viraka sita vya mnili hazina budi kukaa chini na kukubaliana siku ya kukata, zamu ya birika, na hesabu ya majani ya kila mmoja. Mara nyingi twahubiriwa umoja kama dawa ya kunywa asubuhi na jioni, na mahubiri yakiisha kila mtu hurudi kwake. Hapa mti wenyewe ndio unaowalazimisha watu kuitana. Sisemi kwamba hawatagombana. Watagombana sana: yule kaleta matawi yenye vijiti vitupu, huyu kafika jua limekwisha panda, mwingine kamtuma mtoto badala yake. Lakini watagombana juu ya kitu chao wenyewe, na ugomvi wa namna hiyo aghalabu huisha kwa kutunga kanuni.

Nusu ya pili ya kazi ni pipa. Nili kavu haiyeyuki katika maji. Ukiitia ndani na kuchovya nguo, utatoa nguo yenye vumbi. Ili ishike, lazima inyimwe hewa iliyopewa kule birikani. Mtia rangi huchukua maji ya jivu au ya chokaa, akatia nili iliyosagwa, kisha akalilisha pipa kitu kitamu, ndizi mbivu au tende, kichache na kichache, na kulifunika lipate joto. Pipa hulelewa. Likipata baridi hulala, likilishwa kupita kiasi huharibika, likifunguliwafunguliwa hufa. Mikono nayo huhitaji kulindwa, kwa maana maji ya chokaa huchoma ngozi. Likiwa tayari, maji ya ndani huonekana ya manjano, na juu yake hukaa utando unaong'aa kama shaba. Nguo huzamishwa polepole, hukaa kitambo, ikatolewa ikiwa na rangi ya embe lisiloiva sawasawa. Kisha, mbele ya macho yako, hewa inapoigusa, inaanza kugeuka: kijani, kijani nzito, buluu. Ichovye mara moja utapata samawati. Ichovye mara kumi utapata kaniki.

Elimu hii yote haimo katika jani. Imo katika mtu aliyekosea mapipa mengi mpaka akajua. Kwa hiyo ulizo langu kwa kila mtu anayetamani mnili ni hili: elimu hiyo itakaa wapi? Itakaa Msambweni, au itakaa katika mji ambao watu wake hawajui Msambweni iko upande gani wa dunia?

Siulizi hivi kwa kuwachukia wafanyabiashara. Nauliza kwa kuwa tumekwisha jaribiwa. Kwale inalima rangi hata leo, tena rangi nzuri. Shimba Hills na kwingineko wako wakulima wa bixa, mti wenye maganda ya miiba na mbegu nyekundu, na rangi ya mbegu zile hutiwa katika siagi na jibini ng'ambo. Mkulima huchuma, huanika, hupura, hujaza gunia na kulipeleka kwenye mizani, na bei huikuta imekwisha pangwa. Mwulize kama amewahi kuionja siagi iliyotiwa rangi yake. Pamba nayo hulimwa na wakulima wadogo wa kaunti hii, na aghalabu huondoka ikiwa bado pamba. Hurudi ikiwa shati, kwa bei ya shati. Kule Ramisi, kiwanda cha zamani cha sukari kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, vijiji vilivyokitegemea vilibaki bila mshahara na bila soko. Mchanga wenye titani ulichimbwa, ukapakiwa melini pale Likoni kwa miaka kumi na zaidi kidogo, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024. Kwale haikukosa mali hata siku moja. Ilichokosa ni ile hatua ya mwisho ya kazi, hatua inayolipa.

Na nili ina kisa chake, kibaya kuliko vyote nilivyovitaja. Huko Bengal wakati wa utawala wa Waingereza, wenye mashamba na viwanda vya nili waliwakopesha wakulima fedha kidogo kwa sharti la kupanda mnili badala ya mpunga, na kuuza majani kwa bei ya mwenye kiwanda. Fedha haikutosha, deni halikuisha, na baba alipokufa mtoto alirithi deni. Mwaka 1859 wakulima walikataa kupanda, machafuko yakaenea, na mwaka 1860 serikali ikalazimika kuweka tume ya kuchunguza. Miaka mingi baadaye, katika wilaya ya Champaran huko Bihar, mkulima alilazimishwa bado kupanda mnili katika sehemu tatu za kila sehemu ishirini za shamba lake. Ndiyo habari iliyompeleka Gandhi huko mwaka 1917, na sheria ya kuikomesha desturi ile ikatoka mwaka 1918. Mti ulikuwa ule ule. Jua lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa nani ana birika.

Wazia jambo hili kwa utulivu, maana ndilo hoja yangu kubwa kuliko zote. Jani bichi huoza kwa siku mbili. Mtu anayeuza jani amesimama kwenye mizani akiwa na kitu kinachokufa mikononi mwake, na mnunuzi anajua. Akitajiwa shilingi tano atakubali tano. Akitajiwa mbili atakubali mbili, kwa kuwa kesho si kitu tena. Lakini kipande cha nili kikavu hakiozi. Kiweke darini mwaka mmoja, miwili, mitano, nili yake imo. Mwenye nili kavu aweza kumwambia mnunuzi, "Nimekusikia, bwana, nenda ukafikiri, nami nitafikiri." Na mwenye nguo iliyokwisha tiwa rangi aweza kusema zaidi ya hayo. Yote yaliyowapata wakulima wa Bengal yaliingia kwa mlango huu mmoja, kwamba walikuwa na majani wala hawakuwa na birika.

Naona mkono umeinuliwa. Kuna mwanafunzi mwenye akili anayetaka kuniambia kwamba nili ya kiwandani ilikwisha maliza mambo haya. Nampongeza. Ni kweli kwamba Mjerumani Adolf von Baeyer alivumbua njia ya kuitengeneza nili bila jani, na kwamba mwaka 1897 kampuni ya BASF ilianza kuiuza. Mwaka huo huo nili ya mimea iliyopatikana duniani ilikuwa takriban tani 19,000. Kufikia mwaka 1914 ilikuwa imeshuka hadi tani 1,000 hivi. Leo viwanda hutengeneza makumi ya maelfu ya tani kila mwaka, na karibu yote huenda katika jinzi. Mtu atakayejaribu kushindana na viwanda hivyo kwa kilo, akiwa na birika nyuma ya nyumba, atafilisika kabla ya vuli. Lakini ulizo lako, mwanangu, linanisaidia mimi. Kama kilo haiwezi kushinda, basi anayetushauri tulime majani tuyauze kwa kilo anatupeleka vitani bila silaha. Kitakachoweza kusimama ni leso, shuka, kilemba, nguo ambayo mnunuzi amemwona aliyeitia rangi na kujua jina la kijiji chake. Hiyo haina kiwanda cha kushindana nayo.

Mwingine atasema kwamba watu wale kwanza. Naam, wale kwanza. Simwambii mtu ang'oe mahindi. Mnili hukubali kukaa pembeni ya shamba na katika kipande kinachopumzishwa, na majani yaliyokwisha kamuliwa birikani ni mbolea. Habari ya maji ni nzito zaidi, nami sitaificha. Birika hunywa maji mengi, na ziko sehemu za Kwale ambako mama hutembea mwendo mrefu kwa ndoo moja. Katika sehemu hizo asidanganywe mtu. Mahali penye visima vya kutosha, kazi ya majani ifuate mvua za masika na za vuli, nili ikaushwe na kuwekwa, na pipa, ambalo halihitaji maji mengi wala kumwagwa kila siku, lifanye kazi yake wakati wa kiangazi.

Kisha wako wale wanaotaka mnili kwa ajili ya watalii. Kwa hao nina neno kidogo kali. Wageni wa Diani hununua nguo, na hapana ubaya kuwauzia. Vitu vingi wauziwavyo ufukweni kama kazi ya mikono ya wenyeji havikuwahi kuuona mkono wa mwenyeji. Ila kijiji kisipande mnili ili kipigwe picha. Siku pipa litakapofunguliwa kwa sababu gari la wageni limefika, si kwa sababu nili iko tayari, pipa litakufa, maana nimekwisha kuambieni kwamba hewa huliua. Wanaoita kazi ya watu maonyesho hawakosi kulipa kiingilio, lakini kiingilio hicho aghalabu hulipwa kwa mwenye gari.

Na nani awe mkuu wa pipa? Katika nyumba zetu za Kwale wanawake ndio wanaosuka mikeka, ndio wanaojua rangi gani hushika na ipi huchujuka. Lakini nimeona mara nyingi, na wewe utakuwa umeona, kwamba chama cha kina mama kikiwa na madeni ni cha kina mama, na siku kikipata fedha hutokea bwana mmoja mwenye kalamu mfukoni akawa katibu. Kanuni ya kwanza ya ushirika wa nili iandikwe siku ambayo fedha bado haijaingia, nayo iseme kwamba kitabu cha hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wote waliopiga maji.

Mtu akiniambia kwamba watu wa pwani hawawezi kusimamia mali ya pamoja, humwonyesha njia ya Gazi. Si mbali, ni pale kabla ya kufika Msambweni. Watu wa Gazi na Makongeni walianzisha mpango uitwao Mikoko Pamoja, na tangu mwaka 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko, na hewa chafu inayomezwa na miti ile imekuwa kitu cha kuuzwa kwa nchi za mbali. Fedha inayopatikana hutumika kwa maji na kwa shule, na wanavijiji wenyewe ndio wanaoamua itumikeje. Angalia walichokifanya. Hawakuukata mkoko wakauza boriti kwa bei ya tajiri wa boriti. Waliubakiza, wakauza kazi yake, na kitabu kikabaki kijijini.

Sasa nanyi mlio shuleni mna kazi, wala sisemi kazi ya siku mtakapokuwa wakubwa. Nyuma ya madarasa ya shule nyingi kati ya Ukunda na Lunga Lunga kuna kipande cha ardhi kinachoota magugu. Tafuteni mbegu ya mnili wa kweli, mkimwuliza bwana shamba, kwa kuwa jamii hii ina ndugu wengi wasiofaa. Pandeni mistari mitano. Mwalimu wa kemia awaonyeshe kwa nini maji ya jivu hubadili rangi ya karatasi ya kupimia, na kwa nini nguo hutoka manjano ikawa buluu. Sidhani kwamba iko njia ya kufundisha somo hilo iliyo wazi kuliko hii. Mwenye hesabu apime: majani kilo ngapi, nili gramu ngapi, nguo ngapi, siku ngapi, fedha ngapi. Andikeni hata mlipoharibu. Kijiji kitakachotaka kuanza ushirika kitahitaji daftari la namna hiyo kuliko kitakavyohitaji hotuba. Na mwenye nyanya aliye hai, amwulize kaniki yake aliinunua wapi na aliivaa siku gani, na majibu hayo yaandikwe katika daftari lile lile.

Halafu itafika siku ambayo mtu atakuja Msambweni na gari na mizani, amesikia kwamba kuna mnili, naye atasema kwa upole kwamba anataka majani tu, mabichi, na kwamba shida ya birika na pipa atawaondolea. Mpokeeni vizuri, mpeni kiti na dafu, kwa maana ni mgeni. Mwulizeni majani yanakwenda wapi, nani atakayeyapiga maji huko, na nguo ikiisha inauzwa kiasi gani. Akimaliza kujibu, mfungulieni dari aone vipande vikavu vya mwaka jana, kisha mwambieni bei.